Soga na Kimya katika Mashamba ya Ayalandi

Mkulima wa Ayalandi akiulizwa habari zake, hujibu habari za mvua. Huenda ameegemea lango la shamba, kofia imemshuka hadi kwenye nyusi, na manyunyu yasiyo na haraka yanamlowesha mabega tangu alfajiri. Mgeni angeyaita manyunyu hayo balaa. Yeye huiita siku laini. Mvua ikizidi hata majani ya mifugo yaliyokwisha kukatwa yakaoza kondeni, atasema kuwa mambo si mabaya sana. Na ikiwa juzi mtamba wake aliuzwa kwa bei isiyopata kusikika wilayani, naye akaulizwa alipata ngapi, atatazama mbali, atakohoa, kisha atasema kwamba ingeweza kuwa vibaya zaidi. Hapo jirani hutikisa kichwa kwa masikitiko, na wote wawili huelewana kwamba biashara ilikuwa nzuri kupita kiasi.

Watu wa pwani, waliolelewa na mafumbo, hawatastaajabia lugha hii. Kwao pia neno zuri ni lile linalozunguka kabla ya kufika. Lakini kila mzunguko una sababu yake, na sababu ya wakulima wa Ayalandi imo katika ardhi.

Katika karne ya 19 wengi wao hawakuwa na ardhi. Walipanga makonde kwa makabaila, na wengi wa wapangaji hao hawakuwa na mkataba wa kuwalinda kwa muda mrefu. Aliyekausha kinamasi kikawa konde, au aliyepaka nyumba yake chokaa ikang'ara hadi barabarani, aliweza kuletewa kodi iliyopanda kwa sababu ya jasho lake mwenyewe. Njaa Kuu iliyoanza mwaka 1845, maradhi yalipoharibu viazi, iliua takriban watu milioni moja, na milioni nyingine wakavuka bahari. Waliobaki walirithisha fundisho moja kwa watoto wao: neema haionyeshwi. Baadaye sheria za ardhi, hasa ile ya mwaka 1903, ziliwawezesha wapangaji kuyanunua mashamba waliyoyalima. Kabaila akaondoka, lakini ulimi ukabaki na mazoea yake. Nyuma ya kabaila alikuja mtoza kodi wa serikali. Na nchi ilipokwisha kujiunga na Jumuiya ya Ulaya mwaka 1973, wakaja wakaguzi, ambao siku hizi huyapima makonde hata kwa picha za setilaiti. Malalamiko yakaendelea kuwa ngao, na kwa kuwa kila mtu alijua kwamba ni ngao, yakawa pia mchezo.

Mchezo huo ulikuwa na uwanja wake, nao ni gulio. Kabla ya minada ya vyama vya ushirika kuenea kuanzia miaka ya 1950, ng'ombe waliuzwa katikati ya mji, barabarani, mbele ya maduka ambayo wenyewe waliyakinga madirisha kwa mbao. Mnunuzi alimkaribia ng'ombe kama mtu aliyepotea njia tu akamkuta hapo. Alimzunguka, akamsikitikia, kisha akataja bei ya matusi. Mwenye ng'ombe aliwageukia waliosimama karibu na kuwataka washuhudie dhuluma hiyo. Mnunuzi aliondoka kwa ghadhabu, lakini kwa hatua za kuhesabika, maana alijua yupo mtu wa kati ambaye angemkimbilia na kumshika mkono. Mtu huyo, ambaye aghalabu hakutumwa na yeyote, alimvuta huyu na kumvuta yule, akaamuru tofauti ya bei igawanywe nusu kwa nusu, huku duara la watazamaji likimsaidia kwa maneno. Bei ikikubaliwa, wawili hao walitema mate viganjani na kupigana mikono kwa kishindo. Kisha muuzaji alimrudishia mnunuzi sehemu ndogo ya fedha, iliyoitwa pesa ya bahati, ili mali ibarikiwe na nyoyo zisibaki na kinyongo.

Hapakuwa na karatasi. Neno lililotamkwa mbele ya watu lilitosha, na aliyelivunja alijua kwamba kisa chake kingemtangulia katika kila gulio atakalokwenda. Huko Killorglin, katika jimbo la Kerry, gulio la Agosti lenye hati ya mwaka 1613 hufanyika hadi leo, na beberu wa milimani huvishwa taji na kuitwa mfalme wa mji. Taifa lililotawaliwa karne nyingi na wafalme wa kigeni halikosi kuuonja utamu wa mzaha huo.

Katika uwanja kama huu ndipo zilipokomaa hadithi fupi ambazo hazina mwenyewe. Mojawapo ni ya tajiri wa Texas aliyemtembelea mkulima wa magharibi ya Ayalandi. Mwenyeji alimwonyesha mgeni shamba lake lote kwa mkono mmoja: kutoka ukuta huu wa mawe hadi mti ule. Mgeni akacheka. Akasema kwao yeye huingia katika gari lake asubuhi, akaendesha mchana kutwa, na jua linapotua hajafika bado mwisho wa shamba. Mkulima alimtazama kwa huruma ya kweli, akasema, "Nami nilipata kuwa na gari kama hilo."

Nyingine ni ya mkaguzi wa wizara aliyefika shambani kwa kishindo akataka kukagua konde la nyuma. Mkulima akamshauri asiende huko. Mkaguzi akatoa kadi yake mfukoni, akamwonyesha kwamba ana idhini ya serikali kuingia katika konde lolote, wakati wowote, bila kumwomba mtu ruhusa. Mkulima akanyamaza. Punde si punde zikasikika kelele, na mkaguzi akaonekana anakuja mbio, fahali yuko nyuma yake. Mkulima alipanda juu ya lango, akamwita kwa sauti yake yote: "Mwonyeshe kadi! Mwonyeshe kadi yako!"

Ya tatu ni fupi zaidi. Mkulima alishinda bahati nasibu, akaulizwa atafanya nini na mamilioni yale. Akajibu kwamba ataendelea na kilimo tu mpaka zitakapokwisha.

Hadithi hizi husimuliwa pia na wakulima wa nchi nyingine, na hakuna wa kudai kuwa ni zake peke yake. Lakini mpangilio wake unafaa kuangaliwa. Katika mbili za mwanzo, mkubwa ana maneno mengi na mdogo ana jibu moja. Katika ya tatu mkubwa hayupo tena, na mzaha unamrudia msimuliaji mwenyewe. Ndiyo inayochekwa zaidi na wakulima, kwa sababu imesema kwa kicheko lile ambalo hakuna angelisema kwa uso mkavu: kwamba shamba linawala wenyewe.

Si kila soga ilikuwa ya kheri. Wakulima hao wamegombana juu ya ukingo wa shamba, njia ya kupitisha ng'ombe na kisima, na ugomvi huo uliweza kurithiwa kama mali. Mshairi Patrick Kavanagh, aliyezaliwa mwaka 1904 huko Inniskeen, katika jimbo la Monaghan, alikuwa mkulima kabla ya kuhamia Dublin, na aliyajua haya kwa mikono yake. Katika shairi lake fupi liitwalo "Epic" anawaweka majirani wawili waliogombea kipande kidogo cha mwamba usiofaa kitu, wakati ambapo mataifa makubwa yanagombana juu ya Munich, mwaka 1938. Mshairi anajiuliza lipi katika hayo mawili ni kubwa, na anayemjibu ni kivuli cha Homer, ambaye utenzi wake mkuu wa vita nao ulitokana na ugomvi wa namna hiyo. Wapenzi wa ushairi huliona shairi hilo kuwa ni utetezi wa mashairi ya nyumbani. Linaweza kusomwa pia kama utetezi wa soga, kwani aliyeliandika aliyapata hayo masikioni, langoni mwa shamba, kabla hajayapata katika kitabu chochote.

Usiku soga ilihamia ndani. Kila kijiji kilikuwa na nyumba moja au mbili ambazo majirani walikwenda baada ya kazi bila kualikwa, hasa katika miezi ya baridi, wakakaa kuuzunguka moto wa udongo wa kinamasi uliokatwa vipande na kukaushwa, ambao ndio kuni za huko. Walianza kwa bei za ndama na habari za wagonjwa, na kwenye nyumba zenye bahati walimalizia kwa ngano ndefu za mashujaa, zilizochukua saa nzima au zaidi. Mtu wa Zanzibar au Lamu ataikumbuka baraza, ila hapa baraza imeingizwa ndani kwa sababu ya baridi.

Mmoja wa wasimulizi wa namna hiyo alikuwa Seán Ó Conaill, mkulima na mvuvi wa Cill Rialaigh, kijiji kilicho juu ya bahari huko Kerry. Alizaliwa mwaka 1853, hakujua kusoma wala kuandika, na lugha yake ilikuwa Kiayalandi. Alipozeeka, lugha hiyo ilikuwa ikirudi nyuma na wasikilizaji walikuwa wamepungua. Séamus Ó Duilearga, mtaalamu wa fasihi simulizi aliyekuja kuongoza Tume ya Ngano ya Ayalandi iliyoundwa mwaka 1935, alimtembelea mara kwa mara katika miaka ya 1920 na kuandika ngano zake. Alisimulia kuwa mzee huyo, kwa kuogopa kuzisahau, alikuwa akizitamba peke yake pale alipodhani hakuna anayemwona. Mwanawe alimkuta siku moja akiuhadithia ukuta wa mawe huku akichunga ng'ombe. Akirudi sokoni, alipanda kilima polepole na farasi wake mzee, naye akiuhadithia mgongo wa gari, kwa ishara zote za mikono na kwa sauti kamili. Mzee huyo alifariki mwaka 1931, na ngano zake zikachapishwa kitabu mwaka 1948. Watu hulisimulia jambo hili kama kichekesho, na kweli linachekesha. Lakini ndani yake yumo mtu ambaye alikuwa na zawadi mkononi na hakumwona wa kumpa.

Thamani ya soga hujulikana siku inaponyimwa. Mwaka 1880, katika jimbo la Mayo, wapangaji wa ardhi kando ya ziwa Lough Mask waliamua kumwadhibu msimamizi wa kabaila aliyekataa kuwapunguzia kodi na kutaka kuwafukuza. Hawakumpiga wala hawakumchomea nyumba. Waliacha kusema naye. Vibarua waliondoka, wenye maduka hawakumuuzia kitu, na aliyekutana naye njiani alimpita kama anayepita mti. Ilibidi waletwe watu 50 kutoka majimbo ya kaskazini kumvunia mazao, wakilindwa na mamia ya askari, kwa gharama iliyozidi mno thamani ya mavuno. Msimamizi huyo, Charles Boycott, aliondoka nchini mwaka huohuo, na jina lake likaingia katika lugha nyingi za dunia kuwa ndilo neno la kususia. Msomaji wa visiwani hahitaji kufafanuliwa zaidi. Unguja na Pemba zimepata kuonja miaka ambayo siasa iliingia baina ya mlango na mlango, jirani akasusiwa dukani na hata mazikoni, na wanaokumbuka wanajua kwamba kukosa salamu kuliuma kuliko kukosa mchele.

Silaha ile ikishatengenezwa, haichagui wa kumpiga. Huko Cork, karibu na ziwa la Gougane Barra, aliishi mshonaji mzee mwenye kilema cha mguu, Tadhg Ó Buachalla, pamoja na mkewe Ansty. Walikuwa na kiunga kidogo na ng'ombe mmoja mweusi, na nyumba yao ndiyo iliyokuwa baraza ya bonde zima. Mzee alizungumza juu ya kila kitu kinachozaliwa na kinachozaa, kwa uwazi wa mtu aliyeishi na mifugo, na mkewe alimkatiza kila mara kwa ukali uliokuwa nusu ya utamu wenyewe. Mwandishi Eric Cross, aliyekuwa akiwatembelea, aliyaandika mazungumzo hayo katika kitabu The Tailor and Ansty, kilichotoka mwaka 1942. Serikali ilikipiga marufuku mwaka huohuo, ikisema ni kichafu.

Kilichofuata kingeweza kuwa hadithi ya mzee mwenyewe. Seneti ilijadili jambo hilo siku nne. Seneta aliyekitetea kitabu alisoma baadhi ya vifungu mbele ya wenzake, na vifungu hivyo vikaondolewa katika kumbukumbu rasmi za kikao ili wananchi wasije wakavisoma humo. Hoja yake ikashindwa. Nyumbani, mapadri watatu walimwendea mzee, wakampigisha magoti, wakamfanya akitie kitabu kile motoni, katika moto uleule uliokuwa ukiwakusanya majirani. Majirani wengi wakaacha kuja. Nyumba iliyokuwa haifungwi mlango kwa wageni ikawa ya watu wawili na ng'ombe wao. Mzee alifariki mwaka 1945 na mkewe mwaka 1947. Marufuku iliondolewa katika miaka ya 1960, na kitabu kinasomwa hadi leo. Na anayekisoma akiutafuta uchafu ule hupata shida kuuona. Atakachokiona ni watu wawili maskini waliokuwa na mali moja tu, nayo ni kauli, na waliyoigawa bure kwa kila aliyeingia.

Siku hizi hakuna aliyewasusia wakulima wa Ayalandi, na bado wengi wao wanaishi kama waliosusiwa. Mambo yalikuja mojamoja, na kila moja lilikuwa la maendeleo. Tangu chama cha kwanza cha ushirika wa maziwa kuanzishwa Drumcollogher, katika jimbo la Limerick, mwaka 1889, wakulima walizoea kupeleka maziwa kiwandani kila asubuhi, kwa gari la punda na baadaye kwa trekta. Foleni ilikuwa ndefu na hakuna aliyeilalamikia kwa dhati, kwa kuwa foleni ndiyo iliyokuwa gazeti. Kisha mashamba yakapata matangi ya baridi, lori likawa linayafuata maziwa nyumbani, na foleni ikafa. Umeme ulianza kusambazwa vijijini mwaka 1946, televisheni ya taifa ikaanza usiku wa mwisho wa mwaka 1961, na viti vilivyouzunguka moto vikageuzwa kuitazama. Mashine zilimwezesha mtu mmoja kuvuna peke yake yale yaliyokuwa yakiita vijiji kusaidiana. Mwaka 2011 kiwango cha pombe anachoruhusiwa dereva kilipunguzwa. Sheria hiyo ni ya busara, maana hakuna soga inayolingana na uhai wa mtu. Lakini mzee asiye na mke, anayeishi maili tano kutoka baa ya karibu, ambako alikuwa akinywa glasi mbili na kusikia habari, alibaki nyumbani. Hesabu ya kilimo ya mwaka 2020 ilikuta mashamba takriban 135,000, na karibu thuluthi moja ya wenyewe walikuwa na umri wa miaka 65 au zaidi.

Hapo ndipo maana ya ule mzaha wa langoni inapodhihirika. Mkulima hawezi kumwambia mwenzake kwamba anaumwa na upweke, au kwamba benki inamdai, au kwamba tangu mazishi ya nduguye hajapika chakula cha moto. Lugha yake haina mlango wa kupitishia maneno hayo. Lakini jirani anayemsikia kila siku akisema kwamba mambo si mabaya sana, atajua siku ambayo maneno yaleyale yametoka kwa sauti nyingine. Atafika jioni kuazima chombo asichokihitaji. Soga ndiyo iliyokuwa ikimkagua mtu bila kumvunjia heshima, na palipokosekana soga, hapana mkaguzi mwingine, hata mwenye kadi.

Mara mbili katika karne hii wakulima walionjeshwa hali hiyo kwa pamoja. Mwaka 2001 ugonjwa wa miguu na midomo ulifika Ayalandi, na katika jimbo la Louth kondoo wengi wakachinjwa ili usienee. Minada ilifungwa, milango ya mashamba ikawekewa mazulia yenye dawa, na watu wakaambiwa wasitembeleane. Mwaka 2020 UVIKO-19 ulirudisha amri hiyohiyo. Safari hii minada ilihamia katika simu na kompyuta, na ikaonekana kwamba ng'ombe anaweza kuuzwa vizuri bila mnunuzi kuondoka jikoni kwake. Kwa upande wa biashara hapakuwa na hasara kubwa.

Hata hivyo milango ilipofunguliwa, watu walirudi. Mashindano ya taifa ya kulima kwa plau, yaliyozaliwa mwaka 1931 kutokana na ubishi wa marafiki wawili, mmoja wa Wexford na mmoja wa Kildare, juu ya jimbo lipi lina walimaji bora, yanaendelea kukusanya zaidi ya watu 200,000 kwa siku tatu za Septemba, na wengi wao hawamwoni hata mlimaji mmoja. Na katika minada ya kila wiki, teknolojia ile imebaki, lakini ngazi za ukumbi zimejaa tena. Mnadishaji anawajua wote. Anajua kwamba wazee waliojipanga kwenye chuma kinachouzunguka uwanja, kofia nyusoni, hawana ng'ombe wa kuuza wala nia ya kununua, na hawaambii wampishe mtu. Wataona mitamba ikipita, watasema bei zimekuwa wazimu, watakwenda mkahawani kunywa chai na kula nyama na viazi. Wamekuja kuambiana kwamba mambo si mabaya sana, na kumtazama vizuri anayesema, wapate kujua kama ni kweli.